Mlango wa Pikapu ya Zahanati

Zuhura mwanangu,

Sanduku lako limefungwa, na mama yako amelikalia ili kufuli liingie. Habari za sabuni, za kandambili za bafuni, za kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya treni, ameshakuambia zote, na nimemsikia akizianza upya mara tatu. Sitazirudia. Ninakuandikia jambo jingine, ambalo ningekwambia kwa mdomo miaka mingi iliyopita kama ningekuwa na moyo.

Kesho unakwenda Dodoma kusomea ufundi wa magari. Kijiji kizima kinasema umerithi mikono yangu. Jana mwenyekiti alinisimamisha njiani akasema, "Fundi, umetuzalia fundi." Nikacheka naye. Nilipofika karakana nilikaa ndani ya gari bovu, nikashindwa kushika hata spana. Kwa maana mikono hiyo wanayoisifu, mwanangu, imemlemaza mtu unayempenda, na mtu mwingine akaubeba mzigo badala yangu.

Nianze na Mzee Kibwana. Utakuwa unamkumbuka kidogo, mtu mfupi, kofia ya kijani, anakohoa kabla ya kusema. Ulipokuwa na miaka kumi ulikuwa ukimpelekea uji karakana, naye akikuitikia "marahaba, mjukuu wangu" hata kabla hujamaliza kumwamkia. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa karakana ile tangu ilipokuwa ya shamba la mkonge. Shamba lilipochukuliwa na serikali, nasi tukahamishiwa kwenye kijiji kipya hapa kando ya Kilosa, karakana ikawa ya kijiji, na Mzee Kibwana akabaki nayo. Mimi nilikuwa mkata mkonge. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye mkonge akanipa spana. Kila ninachokijua kuhusu gari kimetoka kwake.

Unakumbuka siku uliponiuliza, "Baba, wewe nani alikufundisha?" Tulikuwa tumelala chini ya trekta, wewe na mimi. Nikakujibu kwamba nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama. Ule ulikuwa uongo. Nilikudanganya kwa sababu ningelitaja jina lake ungeuliza alikwenda wapi.

Kulikuwa na pikapu kuukuu ya kijivu, ambayo zamani ilikuwa ya meneja wa shamba. Kijiji kiliitoa kwa zahanati. Nesi Felista alikuwa akizunguka nayo barabara ya Mikumi, kupima watoto na kuchoma sindano, na mara moja moja kushuka na wagonjwa waliotelemshwa kwa machela kutoka milima ya Vidunda. Huyo huyo Nesi Felista wako. Wakati huo alikuwa na mikono miwili mizima.

Mvua zilipoanza mwaka ule, kioo cha mlango wa abiria kilidondoka ndani ya mlango kikakataa kupanda. Dawa zilikuwa zinalowa. Nesi alikuja karakana asubuhi akasema, "Nisaidieni kioo hiki, pamba yangu imekuwa matope." Mzee Kibwana alikuwa anajitayarisha kwenda kwao Mamboya kwenye msiba wa dada yake. Akautazama ule mlango, akabonyeza kava la ndani kwa kidole gumba. Akaniambia, "Kava hili limekauka. Limekunywa maji miaka mingi, ukilivuta litakatika kama biskuti. Ningoje nirudi, siku tatu tu. Nesi ataweka turubai dirishani."

Nikamwambia, "Mzee, kutoa kava la mlango nimekuona ukifanya mara ngapi?"

"Kuniona ndiyo umeniona," akasema. "Hujawahi kufanya."

Maneno hayo yalinichoma. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini, nina mke na mtoto, nami ninaambiwa sijawahi. Alipoondoka tu nikaivuta pikapu mpaka kivulini.

Sasa nataka nikuambie namna alivyokuwa akifanya yeye, kwa sababu ndivyo nilivyokufundisha wewe nikijifanya ni ujuzi wangu. Alikuwa anakaa kwanza. Anakaa mbele ya mlango uliofunguliwa, mikono magotini, anautazama kama mtu anayesoma. Anatafuta skrubu zilizojificha, ile iliyo chini ya kishikio cha kuegemea mkono, ile iliyozibwa na kifuniko kidogo, ile iliyopakwa rangi ikasahaulika. Akishazitoa zote anakuja kwenye hendeli ya kuzungushia kioo. Nyuma yake kuna pini ndogo iliyoishikilia. Anaisukuma pini kwa msumari mwembamba huku ameukinga mkono wa pili chini, ili pini ikitoka ianguke kiganjani, isiruke mchangani. Halafu ndipo anakuja kwenye kava lenyewe. Hakuwa akitumia bisibisi. Alikuwa na kibao cha mninga alichokichonga hadi kikawa chembamba kama ulimi, amekipiga msasa, kimeng'aa kwa mafuta ya mikono yake. Anakiingiza kwenye kona ya chini, anakisogeza polepole mpaka kigonge klipu ya kwanza. Hapo, pembeni kabisa ya klipu, ndipo anapokizungusha, na klipu inatoka kwa sauti ndogo. Anahamia inayofuata. Havuti katikati hata siku moja. Klipu zikiisha anashika kava kwa mikono miwili, analinyanyua kwenda juu, kwa sababu juu kule, chini ya kioo, limening'inia kwenye ukingo wa bati, na anayelivuta kuja kwake analivunja palepale penye kuning'inia.

Nilikuwa nimeyaona hayo yote. Siku ile sikukaa hata dakika moja mbele ya mlango. Nilichukua bisibisi kubwa.

Pini iliruka. Niliiona ikiruka, nikaisikia ikigonga jiwe, nikaitafuta mchangani kidogo tu kisha nikaiacha. Nikachomeka bisibisi katikati ya kava, mahali popote, nikavuta. Likalia kama ukuni mkavu, ufa ukapita kutoka juu mpaka chini. Nilipoona ufa hasira ikanipanda, nikasukuma bisibisi ndani zaidi, nikasikia kitu kimekatika. Ndani ya mlango kuna fimbo nyembamba ya chuma inayotoka kwenye mkono wa kufungulia hadi kwenye kitasa. Nilikuwa nimeipinda, na kibanio kilichoishika kimevunjika vipande viwili.

Zuhura, hapo bado sikuwa nimefanya kosa kubwa. Kuvunja kitu ni sehemu ya ufundi, kila fundi amevunja. Ningeweza kuuacha mlango wazi vile vile, na Mzee Kibwana angerudi, angenikaripia mbele ya watu, na angeutengeneza. Kukaripiwa, basi. Nilichokikimbia kilikuwa hicho tu.

Nilirekebisha kioo, hilo nililiweza. Fimbo niliinyoosha kwa nyundo nikaifunga kwa waya wa kufungia nyavu. Mahali pa pini nikapigilia kipande cha msumari. Kava nikalibandika kitambaa cha turubai juu ya ufa, nikalirudisha. Nikafungua mlango mara mbili kutoka ndani, ukafunguka. Nikapandisha kioo, kikapanda. Nesi Felista alipokuja kuchukua gari jioni, akidhani mzee ndiye aliyelitengeneza kabla ya kusafiri, aliniambia, "Mshukuru mzee, ameniokoa," nami sikumsahihisha. Mzee Kibwana aliporudi kutoka msibani nikamwambia kioo kimepona. Akauliza, "Kava?" Nikasema, "Salama." Hakuwa na sababu ya kunikagua. Pikapu yenyewe ilikuwa safarini.

Zilipita kama wiki tatu. Siku hiyo pikapu ilikuwa inarudi kutoka Mikumi, mchana, mvua inanyesha. Ndani walikuwa watatu, na mtoto mchanga. Dereva Athumani, Nesi Felista mlangoni, na katikati mama kijana wa Kividunda aliyejifungua siku iliyotangulia, ambaye damu ilikuwa haikatiki, analetwa hospitalini. Kwenye korongo upande wa huku wa kijiji cha Ulaya gari liliteleza likaingia ndani, ubavu wa dereva ukagandana na ukingo wa udongo. Athumani aligonga usukani akazimia. Maji yalikuwa yanashuka kutoka juu, yakaanza kuingia miguuni mwao.

Yaliyofuata nimeyasikia kutoka kwa yule mama, na kwa Athumani aliyesimuliwa. Nesi alivuta mkono wa mlango. Ukaja mtupu, haujashika kitu. Akavuta tena na tena. Akashika hendeli ashushe kioo, hendeli ikatoka ikabaki mkononi mwake. Maji yalikuwa yamefika kwenye kiti. Akamwambia yule mama, "Mnyanyue mtoto, ufumbe macho." Akavunja kioo kwa hendeli ileile, akapitisha mkono wa kulia kwenye vipande, akaufikia mkono wa mlango kwa nje, akafungua. Akawatoa wote. Athumani alimburuta kwa kola. Kioo kilikuwa kimemkata kano za kifundo cha mkono, na hakuzitazama mpaka wote walipokuwa juu barabarani.

Mama yule alipona. Mtoto wake yupo, anasoma. Nesi Felista vidole vyake vitatu havikukunjuka tena. Wewe unavijua vidole hivyo. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini Nesi hachomi sindano, kazi yake ni kuandika kadi tu, tena kwa mkono wa kushoto, pole pole kama mtoto wa chekechea. Nikasema ni ajali tu, basi. Ukaanza kwenda zahanati kila jioni baada ya shule kumsaidia kuandika. Ukaenda miaka. Nilikuwa nakuona unatoka hapa na kalamu yako, nikijua unakwenda kufanya kazi ya mkono nilioukata mimi, na nikakuacha uende.

Kwa muda mrefu nilikuwa najiambia kwamba mlango ungekwama tu, kwamba gari likianguka korongoni fremu inapinda na hakuna mlango unaofunguka. Nilijiambia hivyo mpaka nikakaribia kuamini. Lakini pikapu ilivutwa ikaletwa karakana, nikiwepo, na Mzee Kibwana akashika mkono wa nje wa mlango uleule akaufungua kwa vidole viwili. Ulifunguka kama mlango wa kabati.

Kisha akakaa chini mbele yake, mikono magotini. Akautazama. Akabandua kipande changu cha turubai, akaona ufa. Akaingiza mkono akatoa waya. Akauweka juu ya benchi, pembeni ya kile kipande cha msumari nilichopigilia mahali pa pini.

Kamati ya kijiji ilikuja alasiri ile. Watu walikuwa wamejaa uani, wana hasira, na walikuwa na haki. Katibu akauliza, "Nani alishika mlango huu?"

Mzee Kibwana alinitazama. Nakumbuka kwamba hakunitazama kwa ukali. Alikuwa anangoja. Alikohoa, akangoja tena. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Akasema, "Karakana ni yangu. Gari likitoka hapa, nimelitoa mimi."

"Kwa hiyo ni wewe?"

"Nimesema karakana ni yangu."

Wakamwondoa siku ileile. Wapo waliomwita mzembe, wapo waliosema ni mabaki ya mabwana wa mkonge, hana uchungu na mali ya kijiji. Mtu aliyekuwa akilala karakana wakati wa mavuno ili trekta lisikwame. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akapita mbele yangu getini. Nilimwambia, "Shikamoo mzee." Hakuitikia. Katika maisha yangu hakuna mkubwa mwingine aliyewahi kuninyima marahaba.

Juma lililofuata nikapewa funguo. Mama yako alipika pilau, majirani wakaja, wewe ukavaa gauni la njano. Ukaninong'oneza sikioni, "Baba, sasa wewe ndiye mkubwa." Mama yako hakujua. Nimemwambia mwezi huu tu, na kama umeona amepungua maneno na mimi, sababu ndiyo hiyo, si safari yako.

Miaka minane nimekaa na funguo hizo. Nilifanya kazi vizuri, hilo naweza kulisema bila kuona haya. Nilikaa mbele ya kila mlango. Nilichonga kibao changu cha mninga. Wala usidhani mtu mwenye siri kama hii anateseka kila siku. Siku nyingi nilikula na kulala vizuri. Ndilo linaloniaibisha zaidi ya yote, kwamba iliwezekana.

Ilipokuja barua ya chuo chako, nikaona siwezi tena. Nilimwambia mama yako naenda kutafuta vipuri, nikapanda Mamboya. Nilimkuta Mzee Kibwana shambani anapalilia maharage. Macho yake yameingia ukungu, alinitambua kwa sauti. Nilisema yote nikiwa nimesimama kwenye tuta. Alipalilia mpaka mwisho wa mstari ndipo akajibu.

"Ulidhani sijui?"

"Nilijua unajua, mzee."

"Basi umekuja kuniambia nini?"

Nikasema nimekuja kuomba radhi.

Akasema, "Siku ile nilikupa nafasi tatu. Nilikohoa, nikangoja. Nikasema karakana ni yangu, nikangoja. Nikafunga nguo taratibu kama mwanamke mwenye mimba, nikangoja. Nilifikiri, kijana huyu atanikimbilia getini." Akang'oa gugu, akalitupa. "Ukaniamkia."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Nilikuwa nakuona wangu. Nilikosea." Halafu akauliza, "Nesi ameambiwa?"

"Bado."

"Mkono ule si wangu. Umekuja nyumba siyo."

Hakunikaribisha ndani. Mkewe ndiye aliyenipa maji ya kunywa njiani. Sikuambii haya ili umwone mkali. Nilikuwa nimepanda mlima ule nikitumaini, ndani ya moyo wangu, kwamba atanishika bega aseme yamepita. Hakuwa na deni la kunifanyia hivyo, na nashukuru hakufanya.

Hata hivyo nilirudi nikakaa miezi minne mingine bila kumwambia Nesi. Nilikwenda zahanati mara mbili nikarudi na vidonge vya kichwa. Nimemwambia Ijumaa iliyopita. Alikuwa peke yake, anapanga kadi. Nilimsimulia pini, bisibisi, waya, Mzee Kibwana, kila kitu. Aliweka kalamu chini. Aliutazama mkono wake juu ya meza kwa muda, kama unavyoutazama mkono wa mtu mwingine.

Akasema, "Miaka yote hii nilikuwa namlaani yule mzee kwenye sala zangu."

Baadaye akauliza, "Zuhura anajua?"

Nikasema hujui.

"Mwambie kabla hajaondoka. Asiende kujifunza kazi hii akidhani ameijua yote. Na asije kulisikia kwa mtu mwingine, maana nitalisema." Akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. "Mlango uurudishie ukitoka."

Jumapili kuna mkutano wa kijiji. Nimeomba kusema. Mwenyekiti anadhani nataka kuwashukuru kwa ajili yako. Huenda nitanyang'anywa karakana, na ikiwa hivyo usirudi kwa ajili hiyo, wala usimwache mtu akuambie kwamba shule yako imeharibika kwa sababu yangu. Majembe yapo, na kukata mkonge sijasahau. Nitawaomba wapeleke mtu Mamboya kumwambia Mzee Kibwana kwamba jina lake limesafishwa. Hawatakosa kumtuma mtu. Kama atakuja au hatakuja ni juu yake.

Huko uendako utavunja vitu, mwanangu. Utavunja mbele ya wavulana wanaongoja uvunje. Sina la kukufundisha hapo zaidi ya hili lililonipata. Bati, kava, klipu, vyote vinatengenezeka. Mimi nilijipa dakika tano za kuficha ufa, na dakika hizo zimenifanya mtu niliyekuwa miaka minane. Ungeniona siku ile nikiukaza ule waya kwa koleo, ungeona mtu makini sana. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama nilivyofanya kazi ya kuficha.

Nilitaka kuichomeka barua hii ndani ya nguo zako uikute Dodoma. Nilikwishaikunja tayari. Kisha nikaona ni mchezo uleule, wa kufunga kitu vizuri na kukiacha kiende mbali na mimi. Kwa hiyo nimeiweka mezani, juu ya daftari zako, uisome leo kabla jua halijazama. Nipo uani, nyuma ya jiko. Ukiwa na la kuniuliza, njoo uniulize nikiwa nakutazama. Ukiona huwezi kuja, nitaelewa, na kesho nitakubebea sanduku mpaka stesheni nikitembea nyuma yako.

Baba yako.